KANISA KUU LA MASHAHIDI, MURANG'A

Mtu akitoka Nyeri kwa njia ya Karatina na Sagana, kisha akapinda kuume, atafika katika mji mdogo wa Murang'a, ambao zamani za utawala wa Waingereza uliitwa Fort Hall. Ni mji wa vilima na mabonde, wenye maduka, mahakama na soko, kama miji mingi iliyo pande za Mlima Kenya. Mjini humo limo kanisa kuu la Kianglikana, liitwalo Kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Wasafiri wengi hulipita wakidhani ni kanisa kama makanisa mengine.

Katika somo hili twataka kueleza habari za kanisa hilo: lilijengwa wakati gani, kwa sababu gani, na kwa nini watu wawili wa ukoo mmoja waweza kusimama mbele ya mlango wake, mmoja akaona faraja na mwenziwe akaona uchungu. Lakini jiwe lake la msingi liliwekwa na mkono wa mtu aliyetoka mbali sana, katika mji mwingine mdogo uitwao Canterbury, kusini-mashariki ya Uingereza. Mji huo nao una kanisa la shahidi, lenye umri wa zaidi ya miaka mia tisa. Kwa hiyo tutakwenda huko kwanza, kisha tutarudi Murang'a.

Kiti cha Askofu

Yafaa ijulikane kwamba kanisa kuu haliitwi kuu kwa sababu ya ukubwa wa jengo. Yako makanisa makubwa sana ambayo si makanisa makuu, na yako makanisa makuu ambayo watu mia tatu wakiingia hujaa. Neno lenyewe katika lugha za Ulaya latokana na neno la Kiyunani maana yake kiti. Kanisa kuu ni lile ambalo ndani yake mna kiti cha askofu, yaani mahali anapoketi kama mchungaji wa jimbo lote. Kiti kikihamishwa, ukuu nao huhama. Wazee wetu hawangeshangaa kusikia hivyo, kwa maana wao pia walijua kwamba kiti cha mwenye cheo si mti uliochongwa tu.

Huko Nyeri Wakatoliki wana kanisa kuu lao, la Bikira Maria wa Faraja. Mapadre wa shirika la Consolata walitoka Turin katika Italia wakafika Tuthu, katika nchi ya Murang'a, mwezi wa Juni 1902, wakapokewa na Chifu Karuri wa Gakure. Mwaka uliofuata wakafika Nyeri na kuanza misheni ya Mathari. Nyeri ikafanywa dayosisi mwaka 1953, na mwaka 1990 ikawa jimbo kuu. Habari zao zastahili somo la peke yake, nasi hatutaziingia leo.

Mauaji ya Canterbury

Mji wa Canterbury ulipata askofu wake wa kwanza mwaka 597, alipofika mtawa Augustino aliyetumwa na Papa kutoka Roma. Tangu hapo, askofu wa mji huo mdogo amekuwa mkubwa wa maaskofu wa Uingereza. Kanisa la kale likateketea kwa moto mwaka 1067, na kuanzia mwaka 1070 Askofu Mkuu Lanfranc akajenga jingine la mawe.

Mwaka 1162 Mfalme Henry wa Pili alimteua rafiki yake, Thomas Becket, mtoto wa mfanya biashara wa London, awe Askofu Mkuu. Mfalme alidhani kwamba rafiki atakuwa mtumishi. Lakini Thomas, alipokwisha kukalia kiti kile, aligeuka akawa mtetezi mkali wa haki za Kanisa. Wakagombana hasa juu ya jambo hili: kasisi akitenda uhalifu, ni nani atakayemhukumu, mahakama ya Mfalme au mahakama ya Kanisa? Msomaji asidhani kwamba haki yote ilikuwa upande mmoja. Mfalme alitaka sheria moja kwa watu wote, jambo ambalo sisi leo twaliona kuwa jema. Askofu aliogopa kwamba Mfalme akikosa mtu wa kumzuia, hapatakuwa na kimbilio. Thomas akakimbilia Ufaransa, akakaa huko miaka sita.

Alirudi mwezi wa Desemba 1170. Siku ya tarehe 29 ya mwezi huo, wakati wa jioni, mashujaa wanne wa Mfalme waliingia kanisani na silaha, wakamwua ndani ya kanisa lake mwenyewe, kwa panga.

Habari ile ilienea Ulaya nzima. Baada ya miaka miwili na kitu, mwaka 1173, Papa alimtangaza Thomas kuwa mtakatifu. Mwaka 1174 Mfalme mwenyewe alikwenda Canterbury kwa miguu, bila viatu, akapiga magoti mbele ya kaburi, akakubali kupigwa fimbo na watawa kuwa ni toba yake. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo sehemu ya mashariki ya kanisa ikashika moto ikaungua.

Hapo tunaingia katika kazi ya waashi, nayo yapendeza kusimuliwa. Mtawa mmoja, Gervase, aliiona kazi hiyo tangu mwanzo, akaiandika mwaka kwa mwaka. Watawa walimwita fundi Mfaransa, jina lake William wa Sens. Fundi huyo hakuwaambia mara moja kwamba nguzo zote zilizoungua lazima zibomolewe, kwa maana aliona jinsi walivyokuwa na majonzi. Akangoja mpaka mioyo yao itulie, ndipo akasema. (Kila fundi aliyewahi kupeleka hesabu ya gharama kwa mwenye nyumba ataielewa busara hiyo.) Mawe mazuri ya rangi ya maziwa yalichimbwa Caen, ng'ambo ya bahari, yakaletwa kwa merikebu. William akatengeneza mitambo ya mbao na kamba ya kuyapakia na kuyapakua, akawakatia wachonga mawe vielelezo vya kufuata ili kila jiwe lifike likiwa limekwisha kupata umbo lake.

Dari yao haikuwa ya mbao peke yake kama ilivyokuwa zamani, bali ya matao ya mawe yenye ncha juu. Tao la namna hiyo hupeleka uzito wa dari chini na nje, mpaka penye nguzo. Kwa hiyo ukuta wa katikati haubebi mzigo mwingi, na waweza kutobolewa madirisha makubwa. Ndiyo sababu makanisa ya zamani hizo yana vioo vingi vya rangi. Watu wengi hawakujua kusoma, na vile vioo vilikuwa kitabu chao.

Katika mwaka wa tano wa kazi, mwaka 1178, jukwaa alilosimama William lilivunjika, akaanguka pamoja na mbao na mawe. Hakufa, lakini hakuweza kusimama tena. Akawa akitoa maagizo akiwa amelala kitandani, mpaka alipoona hapati nafuu, akarudi kwao Ufaransa. Akafuata fundi mwingine, Mwingereza, naye pia jina lake William, akaimaliza kazi mwaka 1184. Mwaka 1220 mifupa ya Thomas ikahamishwa na kuwekwa juu, nyuma ya madhabahu kuu, katika kaburi lililopambwa kwa dhahabu na vito. Kwa zaidi ya miaka mia tatu mahujaji walikuja kwa maelfu, maskini kwa tajiri, na mji ule mdogo ukaishi kwa kuwauzia chakula na malazi.

Kisha ukaja mwaka 1538. Mfalme Henry wa Nane, aliyekuwa amekwisha kuvunja uhusiano na Papa, aliona kwamba mtu aliyempinga mfalme hafai kuheshimiwa. Akaamuru kaburi livunjwe na mali yake ichukuliwe. Akatangaza kwamba Thomas hakuwa mtakatifu bali mwasi, na kwamba jina lake lifutwe katika vitabu vya sala. Mtu yuleyule, na kifo kilekile. Aliyeitwa shahidi kwa miaka 365 akaitwa mhaini kwa amri ya siku moja. Siku hizi mahali pa kaburi lile huwashwa mshumaa mmoja sakafuni, na wageni huusimamia kimya. Twaomba msomaji aikumbuke habari hiyo tunaporudi Murang'a.

Nchi ya Gikuyu na Mumbi

Murang'a ni nchi ya heshima kwa Wakikuyu wote. Huko ndiko Mukurwe wa Nyagathanga, mahali ambapo masimulizi yao yasema Gikuyu na Mumbi walikaa hapo mwanzo. Kabla ya misheni, ibada yao haikuhitaji kuta. Wazee walikusanyika chini ya mti wa mugumo, wakatoa sadaka, wakaelekeza nyuso zao Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Mti ulikuwa kanisa lao, na mlima ulikuwa mnara.

Mwaka 1900 Waingereza walijenga boma mahali palipoitwa Mbiri. Bwana Francis Hall, aliyelisimamia, alikufa kwa ugonjwa wa kuhara damu mwezi wa Machi 1901, na boma likapewa jina lake. Wamisheni wa C.M.S. wakafuata, wakajenga vituo vyao Weithaga na Kahuhia. Walileta shule na dawa, na watu wakajifunza kusoma kwa bidii kubwa. Lakini mwaka 1929 palitokea ugomvi mzito kati ya misheni na wazazi wengi juu ya kutahiriwa kwa wasichana, na maelfu wakatoka wakaanzisha shule na makanisa yao wenyewe. Tangu siku hizo Ukristo katika nchi ya Wakikuyu haukuwa na sauti moja.

Halafu uamsho ukaingia, ulioanzia Rwanda, huko Gahini, ukapitia Uganda mpaka Kenya. Mwaka 1947 palikuwa na mkutano mkubwa Kahuhia. Wafuasi wake waliungama dhambi zao mbele ya watu, wakarudisha vitu walivyoiba, wakaitana ndugu bila kujali kabila wala rangi. Wengine waliwaona ni watu wa kujidai. Pengine baadhi yao walijidai. Lakini mambo yaliyotokea baadaye yalionyesha kwamba wengi hawakuwa wakicheza.

Waliosimama katikati

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari katika Kenya. Wakikuyu wengi walikuwa wamepoteza ardhi yao, na hawakuwa na sauti katika serikali. Vijana wakaingia misituni katika Nyandarua na Mlima Kenya kupigana. Umoja wao ulifungwa kwa kiapo. Aliyekula kiapo alijifunga kwa jamii yake kuidai ardhi na uhuru. Aliyekataa alionekana kuwa ameisaliti jamii na kuwa hatari kwa maisha ya wenzake.

Basi wale ndugu wa uamsho walikataa. Walisema kwamba wamekwisha kuinywa damu ya Kristo katika Meza ya Bwana, na hawawezi kuchanganya nayo damu nyingine. Kwa neno hilo wengine walipigwa, na wengine waliuawa, wanaume kwa wanawake, usiku, mara nyingi kwa mikono ya watu waliowajua.

Jambo ambalo halisemwi sana ni hili: wengi wa ndugu haohao walikataa pia bunduki ya Serikali. Serikali iliwataka wajiunge na askari wa ulinzi wa vijiji, wakajibu kwamba hawawezi kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Kwa hiyo pande zote mbili ziliwatilia shaka. Mpiganaji aliwaona vibaraka wa Wazungu, na ofisa wa Serikali akashangaa ni watu gani hawa wasiotaka kulindwa wala kulinda. Sisi twaona kwamba hapo ndipo penye kiini cha habari za kanisa hili, na kwamba wanaolisifu na wanaolilaumu wote wamezoea kupasahau.

Jiwe la Msingi

Kanisa liliazimu kujenga mjini Fort Hall jengo la ukumbusho wa Wakikuyu Wakristo waliouawa kwa sababu ya imani yao. Jiwe la msingi liliwekwa mwezi wa Mei 1955 na Dakta Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa 99 wa Canterbury, mrithi wa kiti kile cha Thomas Becket.

Siku chache kabla, tarehe 15 Mei, Dakta Fisher alikuwa Namirembe, mjini Kampala, akiwaweka wakfu maaskofu wanne Waafrika. Wawili kati yao walikuwa wa Kenya: Festo Olang' na Obadiah Kariuki. Habari za huyu wa pili zaonyesha jinsi nyakati zile zilivyokuwa ngumu. Askofu Kariuki alikuwa Mkikuyu, na ndugu wa uamsho. Mkewe alikuwa binti wa Chifu Koinange wa Mbiyu. Na siku ile Kariuki alipowekewa mikono, mkwewe Koinange alikuwa kizuizini kwa amri ya Serikali, na shemeji yake, Jomo Kenyatta, ambaye naye alioa binti wa Koinange, alikuwa kifungoni baada ya hukumu ya Kapenguria ya mwaka 1953. Kwa hiyo askofu aliyehesabiwa upande wa mashahidi wa Kanisa alikuwa na jamaa zake nyuma ya sing'enge. Katika nchi ya Wakikuyu familia za namna hiyo zilikuwa nyingi.

Tukumbuke pia nchi ilikuwaje wakati jiwe lile lilipowekwa. Katika miaka ya 1954 na 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wakiondolewa katika nyumba zao zilizotawanyika vilimani, wakakusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba. Makumi ya maelfu walikuwa kambini bila kuhukumiwa. Mwezi wa Januari 1955 C.M.S. yenyewe ilitoa kijitabu huko London kulalamikia maovu yaliyokuwa yakitendwa na watu wa Serikali. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wote wa Kanisa walinyamaza. Lakini sauti hizo zilikuwa chache, na mtu aliyekuwa akichimba handaki la kijiji chake chini ya ulinzi wa bunduki, akaona Askofu Mkuu amepokewa kwa heshima zote kuwakumbuka wafu wa upande mmoja tu, hatuwezi kumlaumu akisema moyoni mwake: na wangu je?

Picha Tano

Kanisa lilipokwisha kusimama lilihitaji mapambo. Katika kanisa la kale la Ulaya kazi hiyo ingekuwa ya mafundi wa vioo. Hapa aliitwa kijana mchoraji, Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Marangu, penye mteremko wa Kilimanjaro, katika Tanganyika. Alikuwa amesoma sanaa katika Chuo cha Makerere. Hakuwa Mkikuyu wala Mwingereza. Hakuwa na ndugu aliyeuawa na watu wa msituni, wala ndugu aliyekuwa kambini. Sijui kama waliomchagua walilifikiria jambo hilo, lakini lilikuwa na faida yake.

Njau alichora picha tano kubwa ukutani, akazimaliza mwaka 1959: Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane, na Kusulibiwa. Mpaka wakati huo picha za Yesu zilizojulikana katika misheni nyingi zilikuwa za mtu mweupe mwenye nywele ndefu za rangi ya mahindi, katika nchi isiyofanana na nchi yoyote ya Afrika. Njau hakufuata hizo. Yesu wake ni Mwafrika. Watu wanaomzunguka ni Waafrika, na vilima na miti nyuma yao ni vya nchi hiihii. Anazaliwa mahali ambapo mama wa Murang'a angeweza kuingia na mzigo wake mgongoni bila kubisha hodi.

Msomaji wa leo, ambaye ameziona picha za namna hiyo katika makanisa mengi, aweza kudhani ni jambo dogo. Halikuwa dogo mwaka 1959. Hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa; iliondolewa mwezi wa Januari 1960. Mtu mweusi aliyekamatwa usiku bustanini, akafungwa na askari, akahukumiwa na gavana wa dola ya kigeni, akatundikwa mtini kati ya wahalifu: Mkikuyu gani wa mwaka 1959 angetazama picha ile asikumbuke jambo lililotokea nyumbani kwake? Huko Nyeri, mwezi wa Novemba 1956, ndiko alikohukumiwa Dedan Kimathi, naye akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama katika miaka ya hali ya hatari. Na mjane wa ndugu wa uamsho aliyekatwa kwa panga, naye akiitazama picha ileile, angemwona mumewe.

Sisemi kwamba Njau alikusudia kuwatetea wapiganaji. Alichora Injili, wala hakuongeza neno. Lakini jengo lililojengwa kwa ajili ya wafu wa upande mmoja lilipata ukutani picha ambazo mfiwa wa upande wowote aweza kuzililia. Waashi wa Canterbury walihitaji miaka kumi na merikebu za mawe. Mtu huyu alihitaji ukuta na rangi.

Baada ya kazi hiyo Njau aliendelea na sanaa, na katika mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi. Kazi ya Murang'a ndiyo iliyolitangaza jina lake kwanza.

Kiti Chafika Murang'a

Mwaka 1961 pande hizo zilipewa dayosisi yao, Dayosisi ya Fort Hall, na Obadiah Kariuki akawa askofu wake wa kwanza. Nchi ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, shemeji yake akiwa Waziri Mkuu. Fort Hall likarudishiwa jina la Murang'a, na dayosisi ikaitwa ya Mlima Kenya. Mwaka 1975 iligawanywa mara mbili, Kusini na Mashariki, na baadaye ikagawanywa tena, kadiri Wakristo walivyoongezeka. Leo Murang'a ni makao ya Dayosisi ya Mlima Kenya ya Kati.

Neno Shahidi

Katika Kiswahili neno shahidi lina maana mbili. Ni mtu aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Tena ni mtu aliyeona jambo, akaitwa barazani kusema alichoona. Neno la Kiyunani ambalo Wazungu wamelifanya kuwa jina la waliokufa kwa imani, nalo maana yake ya kwanza ni hiyo ya barazani. Na kila mwenye kesi ajua kwamba shahidi mmoja hatoshi.

Kwa miaka mingi ushahidi juu ya vita vile haukusikiwa wote. Hesabu za Serikali ya wakati ule zilisema kwamba raia Waafrika waliouawa na watu wa Mau Mau walikuwa karibu 1,800, na kwamba wapiganaji waliouawa walipita 11,000. Wanahistoria wa siku hizi wasema waliouawa upande wa wapiganaji yamkini walizidi 20,000. Wazungu walowezi waliouawa walikuwa 32. Hata baada ya uhuru Mau Mau kiliendelea kuwa chama kilichopigwa marufuku katika vitabu vya sheria, mpaka marufuku ilipoondolewa mwaka 2003. Tarehe 6 Juni 2013, Serikali ya Uingereza ilitangaza katika Bunge lake kwamba inasikitika kwa mateso yaliyotendwa kambini, ikakubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya paundi milioni 19.9. Mwezi wa Septemba 2015 mnara wa kuwakumbuka walioteswa ulifunguliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Waliokuwa wakiitwa magaidi wakaitwa mashujaa, kama Thomas alivyoitwa mhaini, ila hapa mambo yalikwenda kwa kugeuka upande wa pili.

Yuko mtu atakayeuliza: je, sasa wale wa kanisa la Murang'a wamekuwa wasaliti? Hapana. Mtu aliyekufa kwa sababu alikataa kuapa jambo asiloliamini, na aliyekataa pia kuchukua bunduki, hakumsaliti mtu. Wala kifo chake hakipunguzwi thamani na kifo cha kijana wa msituni aliyetaka kurudishiwa shamba la baba yake. Kosa lilikuwa kumtumia huyo wa kwanza kuwa hoja ya kumsahau wa pili. Na kosa jipya lingekuwa kufanya kinyume chake. Katika kata nyingi za Murang'a na Nyeri vizazi vya hao wote wawili huchota maji katika mto mmoja, huoana, na kuketi katika kamati moja ya shule.

Nyeri yenyewe ina mfano mwingine ulio karibu, wa wafu wa taifa jingine kabisa. Huko Mathari liko kanisa la ukumbusho la Waitaliano, lililojengwa mwaka 1952. Ndani ya kuta zake wamewekwa askari zaidi ya mia sita wa Italia waliofia katika nchi hizi wakati wa vita kuu ya pili, wengi wao wakiwa mateka. Pamoja nao yumo jemadari wao, Mtawala wa Aosta, aliyejisalimisha kwa Waingereza huko Amba Alagi katika Ethiopia mwezi wa Mei 1941, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Hao walikuwa adui walioshindwa, nao walipata kanisa, tena katika mwaka uleule ambao hali ya hatari ilitangazwa.

Msomaji akipata nafasi ya kwenda Murang'a, na aombe ruhusa kuingia ndani ya kanisa kuu wakati ambapo hapana ibada, azitazame zile picha tano moja moja, akianza na Kuzaliwa. Asiende haraka. Mchana ndio wakati mzuri, mwanga unapoingia madirishani na rangi zikaonekana. Na akiwa na mzee wa kwao aliyekuwa mtoto katika vijiji vile vya mahandaki, amchukue pamoja naye, amwache atazame kwanza, kisha amwulize anaona nini.